Injini ya kale, mota ya fezi tatu na friji: nianzie wapi?

Swali la msomaji: Nimerithi injini ya dizeli aina ya Lister CS, silinda moja, nguvu za farasi 6 kwa mizunguko 650 kwa dakika. Nimeifufua na inawaka vizuri. Nina pia mota ya fezi tatu ya kilowati 2.2, kibao chake kimeandikwa 1440 na 230/400 V. Fundi mmoja ameniambia nikiifungia kapasita itageuka jenereta. Nataka iendeshe friji, taa, televisheni na mashine ya kufulia. Inawezekana? Puli ziwe za ukubwa gani? Na je, naweza kuchomeka umeme huo kwenye soketi moja ya nyumba ili usambae nyumba nzima?

Jibu: Ndugu yangu, nianze na swali lako la mwisho kwa sababu ndilo linaloweza kuua mtu. Hapana. Usichomeke jenereta yoyote kwenye soketi ya ukutani. Waya wa namna hiyo una plagi yenye meno pande zote mbili, na ukichomoa upande mmoja meno yanabaki wazi mkononi mwako yakiwa na volti 230. Zaidi ya hapo, umeme wako utatoka ndani, utapita kwenye mita na kufika kwenye transfoma ya nje, ambayo itaupandisha kuwa maelfu ya volti, huku fundi aliye juu ya nguzo akiamini laini imezimwa. Na umeme wa gridi ukirudi ghafla wakati yako imewashwa, mota, mkanda na nyaya ndivyo vitakavyolipa. Njia ni moja tu: swichi ya chenjiova, ambayo kwa umbo lake haiwezi kuunganisha gridi na jenereta kwa wakati mmoja, na ifungwe na fundi wa umeme mwenye leseni. Kama nyumba haina gridi kabisa, bado utahitaji boksi lenye fyuzi, ethi, na swichi inayokata pale umeme unapovuja kwenda ardhini.

Kwa hayo mengine, ndiyo, inawezekana, ila kwa mpangilio tofauti na ulioufikiria. Injini yako inatosha nyumba hiyo na kubaki. Mota yako inaweza kuwa jenereta. Lakini nakusihi usiiache friji itegemee injini moja kwa moja. Weka betri na inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa volti 230 za nyumbani) katikati: injini ijaze betri kwa saa chache kila siku, na betri ziihudumie nyumba usiku na mchana. Sababu nitazieleza kwa kirefu, maana ndizo zitakazokuongoza ukiwa peke yako na spana mkononi.

Tuitazame injini kwanza. Nguvu moja ya farasi ni wati 746, kwa hiyo farasi 6 ni wati 4,476 kwenye shafti. Mkanda unakula sehemu yake, jenereta nayo inakula yake, na kinachobaki ni karibu kilowati 3 ikiwa injini iko katika hali nzuri. Kwa chuma cha umri huo mimi hupanga kilowati 2 hadi 2.5. Mwendo wake wa taratibu ndio uliofanya injini hizi zidumu miongo na miongo, kwa hiyo usishawishike kuongeza mwendo ili upate umeme zaidi. Flaiwili zake, yale magurudumu mazito ya pembeni, ni chuma cha kusubu, na nguvu inayotaka kuzipasua huongezeka kwa mraba wa mwendo. Ukitoka mizunguko 650 ukafika 1,000, nguvu hiyo inakuwa mara 2.4 hivi ya ile ya awali. Flaiwili yenye kipenyo cha sentimita 60 ikifika hapo, ukingo wake unakimbia mita 31 kwa sekunde, na mita 30 ndio mpaka wa kawaida kwa chuma cha kusubu kisicho na dosari. Kabla ya kufunga mkanda wowote, isafishe flaiwili kwa mafuta ya taa mpaka uone chuma chenyewe, hasa pale mikono yake inapoungana na kitovu, kisha igonge taratibu kwa nyundo ndogo. Chuma kizima hulia kwa mlio mrefu. Chenye ufa hutoa mlio mfupi uliokufa. Angalia pia kabari inayoibana flaiwili kwenye shafti. Ikiwa inacheza hata kidogo, usiendelee.

Tabia ya pili ya injini hii ni mapigo yake. Ikiwa na silinda moja na mipigo minne, huchoma mafuta mara moja katika kila mizunguko miwili, yaani mara 325 kwa dakika, zaidi kidogo ya mara 5 kwa sekunde. Kila inapochoma, flaiwili inaharakisha kidogo. Kabla ya kuchoma tena, inalegea kidogo. Jenereta inafuata mapigo hayo, na balbu ya waya inapepesa kwa kasi ambayo jicho linaiona waziwazi. Flaiwili nzito hupunguza kupepesa huko, haikumalizi. Ingekuwa injini ya petroli ya zile za zamani zinazoruka miwako zikikosa mzigo, hali ingekuwa mbaya zaidi.

Sasa mota. Fundi wako amesema kweli. Mota ya kawaida ya fezi tatu, ile isiyo na brashi, ikizungushwa kupita mwendo wake wa sumaku (mwendo ambao sumaku ya koili zake huzunguka) na ikiwa na kapasita za kuilisha, hutoa umeme. Kibao kinasema 1440, maana yake ina poli 4 (ncha za sumaku) na mwendo wake wa sumaku kwa Hz 50 ni 1500. Ikiwa kama mota hupungukiwa mizunguko 60 inapobeba mzigo wake kamili, kama jenereta itahitaji kuzidi kwa kiasi kama hicho, yaani 1560. Kwa kuwa hutaibebesha mzigo kamili, lenga 1550. Gawanya 1550 kwa 650 upate 2.38. Kama flaiwili ina kipenyo cha sentimita 60, puli ya mota inatoka sentimita 25. Punguza nusu sentimita kwa ajili ya mkanda kuteleza. Pima flaiwili yako kwa utepe badala ya kuamini namba zangu.

Kapasita hazibahatishwi. Peleka mota kwenye karakana yenye umeme wa fezi tatu wa volti 400, ifungwe kwa staa (ncha moja ya kila koili ikiunganishwa pamoja), iendeshwe bila mzigo, na upime ampea za waya mmoja. Tuseme umepata 2.4. Gawanya 2.4 kwa 314 (hiyo ni 2 mara pai mara 50), kisha kwa 230, utapata takriban mikrofaradi 33. Halafu ibadilishe mota iwe delta (koili tatu zikiungana kama pembetatu). Fezi moja ipe mikrofaradi 33, ya pili ipe 66, ya tatu iache bila kitu. Mzigo wako utaunganishwa sambamba na kapasita ile ndogo. Mpango huu unakupa umeme wa fezi moja kutoka mota ya fezi tatu, kwa karibu asilimia 80 ya ukubwa wa mota, yaani wati 1,700 hivi kwako. Upande wa kuzunguka una maana hapa: ukiona mota inachemka upesi ingawa mzigo ni mdogo, hamishia kapasita kubwa kwenye ile fezi iliyokuwa tupu.

Kapasita ziwe za kazi ya kudumu, zilizoandikwa volti 450 za AC au zaidi. Zile za kuwashia mota, zilizotengenezwa kuvumilia sekunde chache tu, zitapasuka. Kila moja ifungiwe rizista ya kuimwaga chaji, kwa sababu kapasita iliyojaa inapiga hata kama injini imezimwa. Na mota ikikataa kuamka siku ya kwanza, huenda imepoteza usumaku wake: injini ikiwa imesimama, chomoa kapasita, gusisha betri ya volti 12 kwenye koili moja kwa sekunde chache, kisha ujaribu tena.

Hadi hapo mambo ni mazuri. Shida inaanza na mzigo unaobadilika, kwa sababu jenereta hii haina kitu kinachoshikilia volti. Volti zinategemea mwendo, kapasita na mzigo, vyote kwa pamoja. Chukua mfano wa pasi ya wati 1,000 ikiwa pamoja na taa chache. Pasi ikishapata moto, kidhibiti chake kinakata. Unasikia tiki ndogo, na papo hapo taa zote zinang'aa kupita kiasi, injini inaruka mwendo kwa kitambo, na sindano ya mita inapita 260 kabla gavana, yaani kidhibiti cha mwendo wa injini, haijapunguza mafuta. Televisheni iliyokuwa kwenye waya huo imepokea yote hayo. Mashine ya kufulia ya kisasa, yenye saketi ndani yake, haitavumilia hilo kwa muda mrefu.

Friji inaleta shida ya upande wa pili. Kompresa inapoanza huvuta mkondo mara kadhaa zaidi ya ule wa kawaida, na mkondo huo unaidhoofisha sumaku ile ile inayozalisha umeme. Volti zikishuka nusu, kompresa inakwama na koili zake zinachemka. Zikianguka kabisa, jenereta inapoteza usumaku na nyumba yote inazima. Tabia hiyo ina faida yake, kwani shoti ikitokea mota haiunguzi waya, inaacha tu kutoa umeme. Lakini friji haina habari na faida hiyo. Itajaribu kuanza tena na tena mpaka ife.

Ndiyo maana nasema betri. Wala si wazo jipya. Waliotengeneza mitambo ya aina hii walilijua tangu mwanzo. Mashamba ya Marekani ambayo nguzo za umeme zilikuwa hazijayafikia yalitumia mitambo ya Delco-Light, iliyoanza kuuzwa mwaka 1916 kutoka Dayton, Ohio: injini ndogo, dainamo, na betri za chupa za kioo zenye jumla ya volti 32. Lister wenyewe, kule Dursley, Uingereza, waliitumia injini ya jamii ya kwako kwenye mtambo walioupa jina Start-o-Matic. Ulikuwa na betri za volti 24. Ukiwasha taa ya kwanza ndani ya nyumba, umeme wa betri uliigeuza jenereta kuwa stata, injini ikawaka yenyewe, na ulipozima taa ya mwisho ikasimama yenyewe. Watu hao walikuwa na injini mpya kabisa, na bado waliona busara kuwa na betri.

Tupige hesabu ya nyumba yako. Friji ya ukubwa wa kati hutumia karibu kilowati-saa 1 kwa siku. Taa 10 za LED za wati 9 kwa saa 5 ni wati-saa 450. Televisheni ya wati 80 kwa saa 4 ni 320. Mashine ya kufulia ikitumia maji baridi, weka 300 kwa mfuo mmoja. Ongeza simu na redio, jumla inakuwa kama kilowati-saa 2.2. Betri za risasi hurudisha kama asilimia 80 ya unachoziwekea, inveta asilimia 90, kwa hiyo alteneta (jenereta ndogo ya gari ya kuchaji betri, ambayo injini itaizungusha badala ya mota) inatakiwa kuzalisha kilowati-saa 3 na kidogo kila siku. Betri za volti 24 na ampea-saa 200 zina kilowati-saa 4.8, ukitumia nusu yake tu kwa siku, zitadumu. Zichaji kwa ampea 40 kwa volti 28, hizo ni wati 1,120, na kwa saa 3 umekaribia kumaliza. Kumbuka tu kwamba betri ya risasi ikikaribia kujaa hupokea chaji polepole, kwa hiyo mara moja moja iachie muda zaidi ijae kweli.

Upande wa mafuta ndio unaonivutia zaidi. Alteneta ya gari hupoteza karibu nusu ya nguvu inayopewa, na hata hivyo kazi yote hiyo ya siku inahitaji takriban lita 2 na robo za dizeli. Ungeiacha injini izunguke saa 24 kwa ajili ya friji inayovuta wati 100 na kitu, hata ikinywa nusu lita tu kwa saa, hizo ni lita 12. Tena dizeli inayofanya kazi bila mzigo wa maana haichomi mafuta vizuri. Masizi yanajaa kwenye valvu na bomba la moshi, na injini uliyoihangaikia kuifufua inaanza kuziba.

Kwa hiyo tafuta alteneta ya lori ya volti 24, ya ampea 80 ili ampea 40 ziwe nusu ya uwezo wake. Alteneta za magari hazikutengenezwa kutoa uwezo wake wote saa nzima bila kupumzika. Kwa puli ya sentimita 8 itazunguka takriban 4,700 kwa dakika, mwendo inaoupenda. Betri zikiwa zimechoka zitataka kuvuta zaidi ya ampea 40 mwanzoni. Ukiona alteneta inachemka sana, ibadilishie puli kubwa kidogo ipunguze mwendo. Mkanda mzuri kwa kazi hii ni ule mpana wa gari wenye mifereji midogo kwa urefu wake: mifereji inakaa kwenye puli ya alteneta, na upande huo huo unapita juu ya flaiwili iliyo bapa bila kuichonga. Umbali kati ya vitovu uwe karibu mita moja. Ukiikaribisha alteneta mno, mkanda unaishika puli ndogo kwa sehemu fupi tu, unateleza, unanuka mpira, na fundi anadhani dawa ni kuukaza zaidi, akaishia kuua beringi. Na kabla injini haijawaka na mkanda juu yake, pawe na wavu wa chuma unaofunika mkanda na flaiwili zote mbili. Nguo iliyoshikwa na flaiwili hiyo huwezi kuivuta ikarudi.

Kwenye waya wa alteneta unaokwenda kwenye taa ya chaji, weka swichi. Washa injini kwa hendeli swichi ikiwa imezimwa, dole gumba likiwa upande mmoja na vidole vingine, ili hendeli ikirudi nyuma isikuvunje mkono. Iache ipate moto dakika chache. Kisha washa swichi na usikilize. Mlio wa moshi uliokuwa mwepesi unakuwa mzito, kila pigo linasikika lina kazi, na mwendo unashuka kidogo kabla gavana haijaongeza mafuta na kuurudisha. Mwendo ukizidi kushuka na moshi mweusi ukatoka, mzigo umeizidi injini. Na usikate kamwe waya wa betri wakati alteneta inachaji, kwa sababu volti zinaruka ghafla na kuua dayodi za alteneta, pengine na inveta pia. Fyuzi kubwa ikae karibu kabisa na betri. Betri zenyewe zikae mahali penye hewa, mbali na cheche, maana hutoa hidrojeni zinapojaa.

Inveta iwe ya wimbi safi, yaani itoe umeme laini kama wa gridi. Ya wati 2,000 itabeba kishindo cha kompresa kuanza bila taa kutikisika, na hapo utaona faida ya kuitenga friji na mapigo ya injini.

Mota usiitupe. Ni jenereta nzuri ya mchana kwa vitu visivyodeka: pasi ikiwa peke yake, drili na grainda zenye brashi. Iwekee tu swichi inayokata yenyewe volti zikipita 260.

Injini ikae nje au kwenye banda lililo wazi, na bomba la moshi lielekee mbali na madirisha. Hewa ya monoksidi ya kaboni haina harufu, na harufu ya dizeli isikupe imani kwamba utaitambua mapema. Jizoeze pia kuisimamisha kwa kuziba njia ya hewa, maana siku gavana ikikwama ikiwa imefungua mafuta, hutakuwa na muda wa kufikiri. Usisahau maji ya kupozea: karibu theluthi moja ya joto la mafuta huishia humo. Yapitishe kwenye koili ya shaba ndani ya pipa la maji ya kuoga, na hutahitaji hita ya umeme kabisa.

Ukishapima kipenyo cha flaiwili, mwendo halisi wa injini ikiwa na mzigo na ikiwa haina, na ampea za mota bila mzigo, niandikie namba hizo. Nitakukokotolea puli na kapasita zako kabla hujanunua chochote.